Siku Mkamwana Alipomshika Babu

Wenzangu mliokulia Tukuyu miaka ile mitumba ilipoanza kumwagwa chini sokoni, someni taratibu, na nikikosea mnisahihishe. Ninyi vijana mnaojibu "nimeshafika" mkiwa bado mmejifunika blanketi, someni pia, ila msinikatize.

Enzi zetu mvua ya Mpuguso haikuuliza mtu. Tulikwenda shule na jani la mgomba kichwani, miguu imeganda, mkononi kiazi cha moto ambacho Bibi alikitoa kwenye majivu. Njiani kilikupasha vidole, ukifika shule unakila. Miaka michache kabla ya hapo sabuni ilikuwa kitu cha kusimuliwa tu, tulifulia majani ya mpapai, na sukari ilipatikana kwa foleni na kujuana. Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa. Ghafla masweta yakawa yamerundikana chini sokoni, yananuka dawa ya mende, na mimi nikapata langu lenye picha ya mnyama ambaye mpaka leo sijui ni nani. Nililivaa mpaka viwiko vikatokeza. Mtoto wa leo ukimpa sweta la namna ile atakuuliza kama umemkosea au amekukosea.

Karibu na stendi ya Tukuyu, Mzee Shabani alifungua upya duka lake. Waislamu kwetu walikuwa wachache na walijulikana mmoja mmoja: wenye maduka, mafundi cherehani, na baadhi waliolima. Mzee Shabani alikuwa rafiki wa Babu tangu ujana wao. Babu yangu alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kukaa benchi la mbele na kukohoa mhubiri akirefusha mambo. Hata hivyo, Mzee Shabani akitarajiwa nyumbani, kuku hakuguswa mpaka afike amchinje mwenyewe. Na kwetu watu waliopendana waliwekeana ng'ombe: wako analala zizini kwangu, na maziwa nakunywa mimi ninayemtunza. Ng'ombe wa Mzee Shabani, mwekundu mwenye doa jeupe usoni, alilala kwa Babu tangu akiwa ndama.

Sasa niwaeleze jambo ambalo vijana wataona nimelitunga. Kwa Wanyakyusa wa enzi zile, mkamwana, yaani mke wa mtoto wako wa kiume, hakuonana uso kwa uso na baba mkwe wake. Akisikia kikohozi chake njiani, anaingia migombani. Akikosa pa kuingia, anachutama, anajifunika kanga kichwa chote na kugeukia pembeni mpaka mzee apite. Hamtaji jina, hampi kitu mkononi. Na si baba mkwe peke yake. Ndugu zake na wanaume wa rika lake wote wana heshima hiyo hiyo. Wazee nao walijua wajibu wao, walikohoa kabla ya kukata kona. Leo mkamwana anamkumbatia baba mkwe ukumbini, anamwita "dadi", wanapigwa picha mashavu yamegusana, na mzee meno yote nje. Sisemi ni vibaya. Nasema bibi yangu angezimia.

Sisi wasichana tuliufanya mchezo. Mmoja anavaa koti kuukuu la Babu, anakuja anakohoa, na wengine mnatakiwa mpotee kabla hajafika. Wa mwisho kujificha anatoka. Mimi nilikuwa bingwa wa kukohoa.

Nilikuwa darasa la tano Nelia alipoletwa. Mzee Shabani alimleta mchana kweupe, ndani ya pikapu, kati ya marobota ya mitumba, akiwa na mtoto wa kike mgongoni, Rute, ambaye hata mwaka hajafikisha. Alimkuta Kyela, amejibanza nyuma ya ghala ambako alikwenda kuchukua mzigo wake. Ng'ambo ya mto Songwe, nchi ya jirani, wakati ule kulikuwa na chama kimoja, na kila mtu mzima alilazimika kuwa na kadi yake. Bila kadi hupandi basi, huingii sokoni. Nelia na mumewe walikuwa wa dhehebu dogo ambalo imani yake haikuwaruhusu kujiunga na chama chochote. Hawakuandamana, hawakumtukana mtu. Walikataa kadi tu. Vijana wa chama walichoma nyumba za waumini wenzao moja baada ya nyingine, na mume wa Nelia walimchukua shambani akiwa na jembe mkononi. Hakurudi.

"Kwangu hapafai," Mzee Shabani alimwambia Babu. "Sisi tuko wachache, akiongezeka mmoja mji mzima unajua. Na mpakani wananifahamu. Wakimtafuta wataanzia dukani kwangu."

Babu hakulipenda lile dhehebu. Aliwahi kusema wazi kwamba ni watu wabishi waliosoma Maandiko kichwa chini miguu juu. Alimtazama Nelia kwa muda, akamtazama mtoto.

"Hawa ni wabishi," alisema. "Lakini huyu wa mgongoni amembishia nani?" Kisha akamwita Bibi. "Huyu kuanzia leo ni mke wa Ambokile."

Ambokile alikuwa baba yangu mdogo, yuko migodini mbali, na barua yake ya mwisho panya walikwisha kuila. Yeye mwenyewe hakuwa na habari kwamba ameoa.

Nelia alitoka kusini kabisa ya nchi yake, hakujua neno la Kinyakyusa, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Tukasema ni mtu wa Nyasa, upande wetu wa ziwa, ambako lugha inakaribiana na ya kwao. Na hapo ndipo nilipoiona akili ya Babu. Mkamwana mgeni haongei kwa sauti, haonekani ovyo, uso wake umefunikwa, na hakuna mwanamume mwenye heshima zake atakayeuliza kwa nini.

Kazi ya kumfundisha ilikuwa yangu na Bibi. Nilivaa lile koti, nikakohoa nyuma ya zizi, naye akakimbia na mtoto wake mpaka akawa anawahi kuliko rafiki zangu wote. Mara ya kwanza alijificha nyuma ya mgomba mwembamba kuliko yeye, tukacheka mpaka Bibi akatushika masikio wote wawili. Alinisuka nywele kila Jumamosi, mistari midogo isiyouma. Nilimpenda, niseme wazi. Mama yangu alikuwa amefariki na sikuwa na mwanamke kijana wa kumwegemea.

Lakini hofu haikutoka mle ndani. Mlango ukigongwa, Bibi alikuwa anaweka sufuria chini kwanza, taratibu, ndipo anaitika. Mimi alinikalisha akaniambia mara moja tu: "Ukiulizwa, ni mke wa baba yako mdogo. Ukisema lingine umemuua." Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Shuleni nikaacha kujibu hata maswali ya hesabu, nikiogopa mdomo wangu mwenyewe.

Mwaka ukapita. Msimu wa masika akaja mtu anayeuza saa za mkononi na vitana. Alivaa koti la suti, alijua Kinyakyusa vizuri kama walivyo watu wa ng'ambo ya karibu, na mfukoni alikuwa na picha ya mwanamke iliyokatwa pembeni. Alisema ni mke wa ndugu yake, ametoroka na mtoto. Sisi watoto tukamwita Bwana Picha. Mzee Shabani alipomwona kwa mbali alifunga duka kabla ya wakati, akaja kwetu kwa miguu. Alimfahamu. Alikuwa amemwona mpakani na vijana wa chama, wakishusha watu kwenye basi.

Bwana Picha alizunguka Tukuyu, Nkunga, mpaka Mpuguso. Vilabuni aliwanunulia wazee pombe na kuwaambia yeye ni rika lao, alizaliwa hapa hapa, baba yake ndiye aliyemhamisha. Babu hakunywa pombe, lakini siku moja walikutana sokoni mbele ya watu, yule bwana akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Ndugu yangu! Sisi ni rika moja!" Mimi nilikuwa nyuma ya Babu, nimebeba kapu la maharage. Babu aliuacha mkono wake ushikwe.

Tulimfungia Nelia ndani siku zile. Alitoka kwenda jikoni asubuhi tu, watu wakiwa mashambani.

Basi asubuhi moja baada ya mvua, Babu alikuwa anatoka zizini na ndoo ya maziwa. Pale kwenye mteremko, udongo ukamchukua. Alianguka chali, mguu mmoja ukajikunja chini yake, na sauti aliyoitoa sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Mimi na Nelia tulikuwa mlangoni mwa jiko tunamenya viazi. Nikapiga yowe la kuita watu, kama tulivyolelewa. Nelia hakupiga yowe. Alikimbia. Kanga ikamdondoka, akapiga magoti matopeni, akamwinua Babu kwa kumshika makwapani, akamketisha kwenye gogo na kumfuta matope usoni kwa kiganja chake. Uso kwa uso. Babu alifumba macho. Nikadhani amekufa. Baadaye ndipo nilipoelewa alikuwa anajitahidi asimwone.

Tulimfundisha kukimbia, kuchutama, kujifunika. Hakuna aliyekumbuka kumfundisha kwamba mzee akianguka, mkamwana anasimama mbali na kulia mpaka aje mtu mwingine. Alifanya ambacho binti yeyote angemfanyia baba yake, na hicho ndicho kilichomfichua.

Jirani yetu Mama Gwakisa, aliyekuwa njiani na mkungu wa ndizi kichwani, alikimbilia yowe langu na kuona yote. Hakusema kitu pale. Alikwenda kusema sokoni. Hakuwa mtu mbaya, ila habari ya mkamwana kumshika baba mkwe hakuna mwanamke wa Mpuguso ambaye angeweza kuibeba peke yake. Kabla ya mchana Bwana Picha alikuwa amesikia.

Bibi alimfunga Babu mguu kwa kitambaa, akajitanda kanga akaondoka kwenda mjini kumwita Mzee Shabani. Hakukimbia. Alisema mwanamke mzee akikimbia watu wanamfuata. Sisi tukabaki tunasubiri, na sijui kama nimewahi kusubiri namna ile tena maishani mwangu.

Waliofika kwanza walikuwa wao. Bwana Picha, balozi wetu wa nyumba kumi, na vijana wawili wageni wasiosalimia. Nyuma yao majirani, wake kwa waume, maana jambo kama lile halikosi watu. Babu alikaa kwenye kigoda barazani, mguu ameunyoosha. Mimi, Nelia na Rute tulikuwa jikoni, na kwenye ufa wa mbao niliona yote.

"Mzee, samahani," alisema balozi, naye hakuwa na raha. "Huyu bwana anadai mwanamke aliyemo humu ni shemeji yake aliyetoroka. Ana picha. Anaomba amwone uso tu, yaishe."

"Humu yumo mkamwana wangu," Babu alijibu.

"Mkamwana gani anamshika baba mkwe?" Bwana Picha aliwageukia watu. "Si mmeambiwa? Mmewahi kuona wapi? Huyo si mkamwana. Mtoeni nimwone."

Watu walinong'ona. Walikuwa wanakubaliana naye, na hilo ndilo lililonitisha kuliko wale vijana wawili. Pembeni yangu Nelia alianza kufungua kanga ya mgongoni. "Sekela," alininong'oneza, "mchukue Rute. Sema ni mdogo wako." Akanipa mtoto, akajifuta mikono kwenye gauni, akasimama kuelekea mlangoni. Nilimshika gauni kwa mkono uliobaki. Sikuwa na akili nyingine.

Nje Babu alikuwa anaongea, polepole, Kiswahili chake cha Kinyakyusa. "Gwe bwana. Juzi sokoni ulinishika mkono mbele ya hawa bandu. Ukasema sisi ndugu, rika moja. Ulisema kweli au uongo?"

Bwana Picha alisita. Wazee aliowanunulia pombe walikuwa wamesimama pale pale, wanamtazama.

"Kweli," akasema.

"Basi huyu mkamwana wako pia. Unataka wakufunulie uso wa mkamwana wako, mchana, mbele ya wake zetu?"

Mzee mmoja akacheka kwa pua. Mwingine akasema, "Mwe! Huyu vipi?" Bwana Picha akaona ametegwa, akanyoosha kidole kwa vijana wake. "Basi hawa wamtazame, wao si rika letu." Wale vijana wakaanza kuja jikoni. Mama Gwakisa, yule yule aliyeisambaza habari, akatangulia mlangoni akaketi chini, miguu ameinyoosha mbele yake. Mwanamke mwingine akaketi kando yake, na mwingine. Vijana wakasimama, wanamtazama mkubwa wao.

"Kunishika, amenishika," Babu aliendelea. "Amevunja mwiko. Kwetu mwiko ukivunjwa, baba wa mke analeta ng'ombe, analiwa, jambo linakwisha. Wewe si mtu wa hapa? Unajua."

"Najua," alisema Bwana Picha. "Na baba yake yuko wapi?"

Babu aliitazama njia ya mjini. Hapo ndipo mahesabu yake yalipoishia.

"Nipo!"

Mzee Shabani alikuwa anapanda mteremko, kofia mkononi, jasho linamtiririka, Bibi nyuma yake. Alisimama katikati ya watu mpaka pumzi ikamrudia.

"Huyo ni binti yangu. Nilimzaa Nyasa nikiwa kijana, mama yake Mkristo, ndiyo maana hamkumjua. Nimewaficha miaka yote hii na mke wangu naye nimemficha. Amejua leo. Sijui hata nitakula wapi jioni." Watu wakaangua kicheko, mpaka balozi. Mzee Shabani hakucheka. "Amemkosea mkwe wake, nami nalipa. Yule mwekundu zizini ni wangu, wote mnamjua. Mtoeni."

Alimchinja kwa mkono wake. Nyama ilichomwa pale pale uani, mvua ikinyunyiza, na Babu akakata kipande cha kwanza akamnyooshea Bwana Picha kwenye jani. "Kula, ndugu." Mtu akiila nyama ile amekuwa shahidi kwamba kosa limekwisha, naye alijua. Aliwatazama wazee, akawatazama wanawake mlangoni. Alikula. Alitafuna kwa muda mrefu sana. Keshoye alipanda basi la Kyela na hatukumwona tena.

Kanisani Babu alivuliwa uzee kwa kushiriki mila za kipagani. Hakujitetea, maana kujitetea kungekuwa kumtaja Nelia. Alihamia benchi la nyuma, karibu na mlango, na mhubiri akirefusha hakukohoa tena. Mzee Shabani alisemwa msikitini na sokoni, mzee mzima, mtoto wa nje. Bi Zuhura, mkewe, alikuwa ameambiwa ukweli siku ile ile, lakini alimgombeza bombani mbele ya watu miezi na miezi, kwa ufundi mpaka nikawa namwamini.

Nelia alikaa kwetu mpaka watu wa kwao walipopiga kura na kukiondoa kile chama. Katika miaka yote hiyo Babu hakumwona uso tena. Alisema amekwisha kula ng'ombe wa watu, hawezi kufanya mchezo. Siku ya kuondoka Nelia alichutama nyuma ya ukuta wa nyumba, Rute amemshika mkono, akamshukuru, "Ndaga, tata." Upande wa pili Babu alikohoa, mara moja. Mzee Shabani akamsindikiza binti yake mpaka mtoni.

Wazee wale wote wamekwisha kufa. Mimi nimeacha ualimu, nimejenga hapa mjini, na nina simu kubwa ambayo wajukuu wanaijua kuliko mimi. Tuna kundi letu la tuliosoma pamoja Mpuguso, tunachangiana misiba, tunatumiana picha za maua asubuhi.

Mwaka jana familia moja ilipanga nyumba mtaa wa nyuma yangu. Watu wa mbali, wanasali nyumbani kwao wenyewe, wanawake wanavaa tofauti na sisi. Siku moja kwenye kundi ikatumwa picha yao, imepigwa juu ya ua wanaanika nguo. "Hawa ni nani? Dini gani hii? Waondoke kabla hawajatuharibia mtaa." Chini yake madole gumba, na maneno mengine ambayo sitayaandika. Ningependa kuwalaumu vijana, nimewasema tangu nianze. Lakini waliokuwa wanaandika hawakuwa vijana. Walikuwa wenzangu, wa rika langu.

Niliandika jibu refu. Niliandika habari ya Nelia yote, nikaisoma, nikafikiria nani atakasirika, nani hatakuja kwenye msiba wangu. Nikafuta. Nikaweka ile alama ya mikono miwili iliyounganishwa kwa sala, nikaenda kupika.

Siku ya nne nilipita pale nikienda sokoni. Mlango ulikuwa wazi, ndani pamefagiliwa vizuri, hakuna mtu. Mwenye nyumba aliniambia wameondoka asubuhi kwenye mvua, na mama alikuwa na mtoto mchanga. Nikamuuliza wameelekea wapi, hakujua. Akaniuliza kama ninawafahamu majina, labda nitawatafuta. Nikasema hapana, sikuwahi kuwauliza.